Kucha za Watoto wa Mazengo

Makutupora, Dodoma
11 Februari 2023

Wifi Germana,

Shikamoo. Hunijui, na mimi niliambiwa ulikufa utotoni kwa surua. Ninaitwa Ruthu. Ni mke wa mdogo wako Bernardo, mwaka wa tatu sasa, na tunaishi katika boma lile lile la marehemu baba yenu, Mzee Mazengo, pamoja na mama mkwe.

Anayekuletea barua hii ni Shamila, anayenunua zabibu kwetu na kuzipeleka Kondoa. Wiki iliyopita alinikuta namwogesha mwanangu Devota. Akamshika vidole, akasema, "Mama Devota, kule Kondoa tuna fundi cherehani mwenye kucha kama hizi. Anaitwa Germana, na husema kwao ni Makutupora." Nilimwambia aape. Akaapa.

Devota ana miezi mitano. Alizaliwa na meno mawili ya chini. Mkunga alicheka, akasema huyu kaja tayari kutafuna. Mama mkwe hakucheka. Alitamka neno moja tu, "kigego", yaani mtoto wa mkosi, akatoka wodini. Mtoto alipofika miezi miwili kucha zake zikaanza kunenepa, zikawa na rangi ya tumbaku, zikainuka kama pembe za mbuzi mchanga. Tangu hapo mama mkwe hamtaji kwa jina. Anasema "kile". Kile kimelala? Kile kimenyonya?

Bernardo ananipiga. Alianza siku ya ubatizo. Tulirudi kutoka kanisani, akanishika nywele na kunigonga kichwa kwenye nguzo ya mizabibu, akiuliza nimezaa na nani, maana kwao hakuna kitu kama hiki. Mara ya pili alitumia waya. Nami nilikuwa nikimtetea moyoni. Bernardo anateswa na kazi: nyayo zake ni ngumu kama kwato na zimepasuka, na kila Jumamosi hujifungia ndani akakata kucha zake kwa koleo mpaka damu. Anasema ni mruturutu, ile dawa ya buluu tunayoipulizia mizabibu, na joto la buti za mpira. Nilidhani maumivu ndiyo yanayompandisha hasira. Nikadhani kosa liko kwenye damu ya kwetu Nkuhungu. Nimemhoji mama yangu mpaka akalia.

Lakini kama kweli wewe ni binti wa Mzee Mazengo, basi kwao kitu hiki kipo, na mimi napigwa kwa uongo. Sitaki kuamini hilo mpaka nilisome kwa mkono wako. Usipige simu. Simu yangu anakaa nayo Bernardo.

Wako,
Ruthu


Kondoa
18 Februari 2023

Mama Devota,

Marahaba. Mtu unayemtafuta simjui. Majina yanafanana na kucha mbaya ziko nyingi duniani. Shamila nimemwambia afunge mdomo, nawe usiniandikie tena.

Nakuachia neno moja la mtu baki. Ukienda kuchota maji, nenda na mtoto mgongoni. Usimwache na bibi yake, hata kama amelala, hata kama bibi amekuwa mpole ghafla. Hasa akiwa mpole ghafla.

Fundi cherehani


Makutupora
6 Machi 2023

Wifi Germana,

Umesema nisiandike. Nimeandika.

Barua yako ilinifikia Jumapili. Alhamisi mama mkwe akanipikia uji, akaniita "mwanangu". Wiki nzima nilitembea na Devota mgongoni, bombani, shambani, hata chooni. Kisha Jumanne akaja mtu wa kupima utamu wa zabibu, nikatakiwa nimwonyeshe mistari ya mizabibu. Jua lilikuwa kali. Nilimwacha mtoto kwa baba yake. Hukuniambia nisimwache kwa baba yake.

Nilikuwa mstari wa tatu niliposikia. Nilitupa kikapu nikakimbia. Bernardo alikuwa ameketi mkekani, amebana miguu ya mtoto katikati ya magoti yake. Mama mkwe alikuwa na koleo la waya. Meno mawili yalikuwa yameshatoka, yamewekwa kwenye ungo. Kucha ya gumba la kulia ilikuwa imeng'olewa pamoja na nyama, naye alikuwa ameshaikamata ya kidole kinachofuata. Mdomo wa mtoto ulijaa damu mpaka kilio kikawa kinatoka na mapovu.

Nilichukua mchi nikampiga mama mkwe begani. Ndiyo, nilimpiga mkwe wangu, na ningemlenga kichwani kama Bernardo hakunirukia. Alinitupa chini, akasimama juu ya mkono wangu wa kushoto na buti zake. Nilisikia sauti ya mfupa kabla ya maumivu. Nilimwomba. Akahamisha uzito wote kwenye mguu ule ule.

Kwenye zahanati nilisema nimeanguka mtaroni. Nimefungwa plasta. Devota ana homa lakini ananyonya, kwa upande mmoja wa mdomo.

Ulijuaje, wifi? Mtu baki hawezi kujua habari ya upole wa ghafla. Ulijuaje?

Ruthu


Kondoa
11 Machi 2023

Wifi yangu Ruthu,

Nilikudanganya. Ni mimi. Nilidhani nikikaa kimya nitabaki nimekufa na nyinyi mtabaki salama. Siku tatu hizi sijashona hata tundu la kifungo.

Nilikuwa na miaka saba. Kucha zangu zilikuwa hivyo hivyo na nyayo zilishanenepa, natembea kwa ukingo wa mguu. Majirani walianza kusema. Asubuhi moja, humo humo nyumbani kwetu, walichochea makaa jikoni. Waliambiwa na mganga kwamba moto huyeyusha mkosi kama ule. Walinishika, wakaziweka nyayo zangu kwenye makaa, na nikanusa nyama yangu mwenyewe. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilibaki pale. Siku ya pili nilibebwa mpaka vilimani, nikaachwa. Wafugaji walinikuta nikiwa na funza. Masista wa Kondoa ndio walionilea. Nashona kwa cherehani ya mkono kwa sababu miguu yangu haiwezi kusukuma pedali.

Sasa sikiliza vizuri. Daktari wa ngozi aliniambia huu ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana. Kucha zinanenepa, ngozi ya nyayo inanenepa na kuuma, na wengine huzaliwa na meno. Hauambukizi. Hakuna aliyekanyaga kitu wala kurogwa. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Nilimwuliza kama unaweza kumtokea mtoto kutoka kwa mzazi asiye nao, kwa kuruka mtu. Akasema katika ukoo ulio nao, haumruki mtu.

Baba yetu Mazengo alikuwa nao. Alivaa makatambuga ya tairi yenye matambara ndani. Mimi ninao. Na Bernardo alikuwa nao. Alikuwa na miaka minne, nilimwona kwa macho yangu, na mama alikuwa akimvisha soksi hata wakati wa jua kali. Hizo kwato ulizoniandikia hazikuletwa na mruturutu.

Mvue buti, wifi. Tazama nyayo na kucha zake, kisha tazama za mtoto. Halafu chukua mtoto uje kwangu.

Germana


Makutupora
24 Machi 2023

Wewe,

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Nilikuwa nimelala mchana. Nilipofumbua macho, mke wangu amepiga magoti miguuni pangu, amenivua buti na soksi, barua yako ameiweka chini, kidole cha mtoto amekishika karibu na cha kwangu. Analinganisha. Kama mtu anayechagua kitambaa. Akaniuliza, "Baba Devota, ulijua?" Akarudia. "Ulijua, wakati unanipiga?"

Nilimpiga na buti ile ile aliyonivua. Nilipiga mpaka kisigino cha buti kikabanduka. Yuko hospitali tangu jana, na jicho la kushoto wanasema huenda lisibaki. Hiyo ni kazi ya mkono wako. Mimi nilikuwa na nyumba, na mke aliyekuwa akinihurumia miguu yangu. Umemfundisha kuitazama.

Mtoto nimemwacha kwa mama, anatunzwa vizuri. Mama amekuwa mpole kwake tangu jana.

Wewe ulikufa. Nililelewa nikijua hivyo. Sikumbuki makaa yoyote wala jiko lolote. Jumapili nitakuja Kondoa, nitauliza anapokaa fundi kilema, na nitamaliza alichoshindwa baba. Usijifiche kwa masista.

Bernardo


Kondoa, stendi ya basi
25 Machi 2023

Bernardo,

Shamila amenipa barua yako sasa hivi na anageuza na basi hili hili, kwa hiyo naandika nimesimama. Namba yako Shamila anayo, lakini simu imezimwa. Nimewapigia polisi, wamesema wanakuja. Siwezi kukaa nikilisubiri neno hilo.

Unasema utamaliza alichoshindwa baba. Baba hakushindwa. Unakumbuka vizuri, ulikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Nilipopiga kelele ya kwanza baba aliniachia, akakimbia nje kutapika. Aliyebaki amenishika vifundo vya miguu ni mama. Aliyenibeba kwenda vilimani, akiniimbia njia nzima, ni mama. Ruthu nilimwandikia "walinishika" kwa sababu niliona aibu kumwandikia mkwe wake habari za mama yangu. Kwa aibu hiyo nimemwacha gizani.

Sasa mama wa mtoto yuko hospitali. Wewe uko shambani. Mtoto yuko na mama, na mama amekuwa mpole. Umeliandika wewe mwenyewe.

Weka karatasi hii chini ukimbie. Kama unataka kunimaliza, kesho basi la kwanza litanishusha hapo, hutahitaji kusafiri. Kimbia kwanza.

Dada yako


Mahabusu, Dodoma
30 Aprili 2023

Dada Germana,

Shikamoo. Neno hili sijakuambia tangu nikiwa na miaka minne.

Ulipofika ulikuta boma tupu na watu wa serikali ya mtaa mlangoni, kwa hiyo yaliyotokea nakueleza mwenyewe.

Shamila alinikuta mstari wa sita nafunga waya. Nilikuwa nimevua buti kwa joto. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye neno "mpole" nilikimbia. Wewe unajua maana ya kukimbia kwa miguu hii. Changarawe ziliingia kwenye nyufa, nikakimbia.

Mama alikuwa kwenye pipa tunalochanganyia mruturutu. Alikuwa ameshika kisigino kimoja cha Devota, na kichwa chote kilikuwa ndani ya yale maji ya buluu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayeloweka nguo. Nilisema, "Mama." Akanijibu bila kugeuka, "Rudi kazini, baba, nakaribia kumaliza."

Pembeni palikuwa na nguzo ya mizabibu imelala chini. Nilimpiga nayo ili amwachie. Akamwachia. Polisi wananiuliza habari za pigo la pili na la tatu. Yapo. Sitayakana. Nadhani pigo la pili lilikuwa lako, na la tatu sijui lilikuwa la nani.

Nilimtoa mtoto. Hakuwa akipumua. Nilimshika kichwa chini nikampiga mgongoni, nikampulizia mdomoni, kwenye vile vidonda vya meno. Akatapika maji ya buluu. Akalia. Sijawahi kusikia kitu kama kile, dada. Nikakaa chini hapo hapo mpaka polisi wakafika.

Walitupakia gari moja, mimi na pingu, mama kwenye godoro, mtoto kwa askari wa kike. Njiani mama alifumbua macho, akanitafuta, akasema, "Nilikuwa nakuficha wewe. Watu wangekitazama kile, kisha wangetazama miguu yako." Alikufa siku ya tatu.

Nikiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akinikata kucha kila Jumamosi, mpaka namaliza darasa la saba. Siku nikilia, alinyoosha kidole kuelekea vilimani, basi. Nilikuwa naelewa. Kwa hiyo ndiyo, nakumbuka jiko. Nakumbuka uliita jina langu.

Na ya Ruthu nakiri kwako, kwa sababu kwake siwezi. Nilijua mtoto ni wangu tangu pale wodini, mkunga alipomfunua mdomo, maana nami nilizaliwa na meno. Kila nilipompiga nilijua. Nilikuwa nikimpiga ili asipate nafasi ya kufikiri.

Nimeshtakiwa kwa kuua. Wakili amesema ushahidi wa Ruthu ndio unaoweza kunisaidia. Hakuwepo, lakini ni mama wa mtoto: mwombe aeleze jinsi nilivyomtoa mtoto kwenye pipa. Hilo tu. Hayo mengine ni mambo ya nyumbani.

Mdogo wako,
Bernardo


Ipagala, Dodoma
14 Januari 2024

Baba Devota,

Barua uliyomwandikia Germana nimekaa nayo zaidi ya miezi minane. Jicho la kushoto lilitolewa mwezi wa nne na la kulia huchoka haraka, kwa hiyo nitaandika machache, kwa vituo.

Tunaishi Ipagala sasa, kwa dada yangu Restuta: mimi, Devota na Germana. Germana alikuja kwa basi lile la asubuhi na hakurudi Kondoa ila kuchukua cherehani yake. Kila jioni anamlowekea mtoto miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anaparuza kucha kwa tupa laini, anampaka mafuta. Anafanya taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akifanya kazi. Hospitali wametuandikia jina la ugonjwa kwenye kadi, refu mpaka nesi alilisoma kwa vipande. Dawa ya kuumaliza hakuna. Kuna kumtunza tu asiumie sana.

Habari zilitufuata. Mwezi wa kumi na moja mtu alirusha jiwe dirishani, likapita juu ya kichwa cha mtoto. Nje kulikuwa na kikundi, na mwanamke mmoja alikuwa akipaza sauti kwamba kigego kimeshamla bibi yake na sasa kimekuja kuumaliza mtaa. Nilichukua panga. Nilikuwa tayari, Bernardo. Nilijua ni nani nitaanza naye. Germana akanishika mkono, akavua viatu, akatoka peku mpaka katikati ya uwanja na zile nyayo zake, zilizoungua na zilizonenepa, akaketi chini akazinyoosha mbele yao. Akasema, "Mimi nina miaka thelathini na saba na sijamla mtu. Aliyenifanya hivi ni mama yangu. Njooni mtazame mpaka mridhike, halafu anayetaka kurusha arushe kwangu, mimi sikimbii." Walitazama kwa muda mrefu. Mwanamke yule ndiye aliyeondoka kwanza. Siku iliyofuata jirani mmoja akaja na kitambaa cha kushonewa gauni.

Sasa la kwako. Alhamisi nitasimama mbele ya jaji. Sikuwepo, lakini nitasema, kama ulivyoandika, ulikimbia bila buti kwenye changarawe. Nitasema ulimkuta mtoto hapumui ukampa pumzi, na kwamba bila wewe ningekuwa na kaburi. Hilo ni kweli na sitalipunguza. Nitasema pia ulimbana miguu kwa magoti yako wakati anang'olewa meno na kucha, na ulisimama juu ya mkono wangu, na jicho langu lilikwenda na nini. Hilo nalo sitalipunguza. Unasema hayo ni mambo ya nyumbani. Nyumbani ndiko nilikovunjwa.

Wakili wako aliniletea karatasi yenye maneno ya kusema. Nimemrudishia. Sijui jaji atayaweka vipi hayo mawili pamoja. Mimi nimejaribu miezi yote hii na sijaweza.

Siku ukitoka, ukitoka, usije hapa. Mwandikie Germana, naye ataniuliza, nami nitasema ndiyo au hapana.

Devota ameanza kutembea. Ngozi ya nyayo imeshaanza kunenepa pale anapokanyagia, na kuna siku zinamuuma hawezi kusimama. Siku hizo anatambaa kwa magoti, na Germana anapiga magoti anatambaa naye, kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, mtu mzima na kanga yake. Mtoto anacheka mpaka anapaliwa. Anadhani ni mchezo. Bado hatujamwambia.

Ruthu